Saiti mira ya mwalimu

Gereji imeshafungwa, mikono bado inanuka risasi ya kuunganishia nyaya, na gari la mwalimu wa Mikindani, hapa Mtwara, halijanitoka akilini. Alilileta jana asubuhi, kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma kikiwa kibovu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Saiti mira ya kushoto imegoma kwenda pembeni. Gereji niliyotoka wamesema ninunue kioo kizima, tena kiagizwe Dar."

Nikamwomba aniachie gari kwanza, kioo asinunue. Tabia ya kubadilisha kifaa kizima kwa kubahatisha inaniumiza sana. Anayelipia ni mteja, na mara nyingi kioo kipya kinafungwa halafu ubovu unabaki palepale.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote nilibonyeza swichi na kuangalia. Kioo cha kulia kilitii pande zote, kwa hiyo fyuzi ilikuwa nzima. Kwenye magari mengi ya Kijapani vioo vyote viwili hutegemea fyuzi moja, ambayo mara nyingi hulisha pia redio au soketi ya kuchajia simu. Nikahamisha swichi upande wa kushoto. Kioo kilipanda na kushuka vizuri, ila kwenda ndani na nje hakikutikisika.

Hapo tayari nilikuwa nimeshafuta washukiwa wengi. Ndani ya kioo kuna mota mbili, moja ya juu na chini, nyingine ya ndani na nje, na kwa kawaida zinaendeshwa na nyaya tatu tu: kila mota na waya wake, wa tatu wanauchangia. Swichi inapeleka moto (chanya) upande mmoja na bodi (hasi) upande wa pili. Ukibonyeza kinyume, moto na bodi vinabadilishana na mota inazunguka kinyume. Sasa, mota moja ikiwa inafanya kazi, waya wa kuchangia ni mzima. Inabaki mota iliyogoma, waya wake, au njia yake ndani ya swichi. Nyaya nyingine unazoziona kwenye kioo mara nyingi ni za mota ya kukikunja, na kwenye baadhi ya magari, za kipashajoto cha kuondoa barafu. Hapa Mtwara cha kazi gani! Lakini kinawachanganya vijana wanaoanza ufundi.

Nikatoa ubao wa mlango, nikachomoa soketi ya kioo. Nilitegemea kukuta pini zimeota kutu ya kijani, maana chumvi ya bahari haiyaonei huruma magari yanayolala Mikindani au Shangani. Zilikuwa safi. Nikaweka mita ya kupimia umeme kati ya waya wa mota iliyogoma na ule wa kuchangia, kijana ninayemfundisha akabonyeza swichi. Volti 12. Akabonyeza kinyume, mita ikasoma volti 12 zenye alama ya kutoa.

"Moto unafika, kaka. Basi mota imekufa."

Nikamwambia asubiri. Hapa ndipo vioo vizima vinapotupwa. Mita inakula mkondo mdogo mno wa umeme, na ncha za waya uliokatika zikigusana kidogo tu zinatosha kuionyesha volti 12. Mota inataka mkondo wa kweli. Tukafunga balbu ya wati 5 kwenye pini zilezile huku mita ikiwa bado pale. Balbu ikatoa wekundu hafifu, volti hazikufika 4. Kijana akiwa ameshikilia swichi, mimi nikaanza kuurudisha mlango polepole. Mlango ulipokaribia kujifunga balbu iliwaka kwelikweli, nikausukuma kidogo ikazimika kabisa.

Nikavuta ile raba inayopitisha nyaya kutoka bodini kwenda mlangoni. Kwa macho hakukuwa na ubovu wowote. Nikashika waya mmoja mmoja kwa vidole viwili nikiuvuta taratibu, na mmoja ukarefuka kama mpira. Ganda lilikuwa zima, shaba ndani imekatika. Nilipouchana nikakuta ncha mbili za shaba zilizokuwa zinagusana kwa shida, na kuzizunguka palikuwa na unga mweusi.

Kufunga selotepu pale si matengenezo. Risasi nayo inaufanya waya uwe mgumu, na ukiweka kiungo kwenye mkunjo utakatika tena pembeni yake. Nikaweka kipande kirefu cha waya laini, viungo vyote viwili vikae mbali na mkunjo, kimoja ndani ya mlango, kingine bodini. Kioo kikaenda ndani, kikaenda nje, mlango wazi na mlango umefungwa.

Kioo cha kushoto watu wengi wanakidharau kwa sababu dereva anakaa kulia. Lakini bodaboda wanapenyea kushoto, na mwalimu huyu anaendesha mwenyewe hadi Lindi kumwona mama yake. Siwezi kulala vizuri nikijua anakata kona bila kuona upande ule.

Leo mchana alipolifuata gari nilimpa kile kipande cha waya akivute mwenyewe. Akakivuta, akakitazama kwa muda, kisha akauliza: "Na mlango wangu je? Si ndio unaofunguliwa zaidi?" Swali la mwalimu hasa. Nikavuta raba ya kulia mbele yake. Shaba bado nzima, ila ganda la nyaya mbili limeanza kupasuka. Tumekubaliana arudi kabla ya minada ya korosho kuanza Oktoba na barabara ya Lindi kujaa malori.