Ijumaa ya Kuhesabu Viporo

Kwenye orodha yangu ya kazi lilikuwa neno moja tu: "Vielelezo". Lilikaa hapo wiki saba, katikati ya "Mkutano" na "Kompyuta", na kila jicho lilipolipitia nilijiambia hilo nalijua. Alhamisi moja wenye kiwanda cha uchapaji wakapiga simu kuuliza vielelezo vya kitabu viko wapi, maana zamu yetu mtamboni ilikuwa Jumatatu. Mchoraji nilikuwa sijamwambia hata neno. Zamu akapewa mteja mwingine, nasi tukasogezwa nyuma wiki tatu.

Si kwamba nilikuwa siandiki. Niliandika kupita kiasi: daftari la mezani, simu, vikaratasi vya kubandika pembeni mwa skrini, barua pepe nilizojitumia mwenyewe, picha za ubao wa mkutanoni. Mapitio ya wiki nayo, yaani kuketi mara moja kwa wiki na kupitia kazi zote, nilikuwa nimeshayajaribu mara nne, na mara zote nne yalikufa kabla ya wiki ya tatu. Nilikuwa nikiyafanya Jumapili usiku, nimechoka, nikianzia kwenye barua pepe. Nikifika ya tano naijibu, jibu linanipeleka kwenye faili, faili linataka marekebisho, saa mbili zinapita na miradi sijaigusa. Ukifanya hivyo Jumapili mbili mfululizo, ya tatu utatafuta kisingizio.

Ijumaa ile, siku moja baada ya simu, nikahamisha kila kitu kwenye meza tupu ya masijala, kwa kuwa yangu haikuwa na nafasi. Mama aliyeitunza masijala, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, aliniangalia nikimwaga vikaratasi, kisha akanisogezea jalada moja. Ndani ya gamba, kwa penseli, kulikuwa na safu ya tarehe, zote zimekatwa isipokuwa ya mwisho.

"Mwanangu, hapa faili halilali bila tarehe ya kuamka," akasema. Akanionyesha na rejista yake: kila siku ina ukurasa wake, na asubuhi akiufungua wa leo anajua majalada gani ayatoe kabatini. Nikamuuliza kwa nini penseli. "Kwa sababu wakubwa huahirisha."

Nikaanza saa 8:00 mchana. Kwanza kukusanya tu, bila kusoma: nikatega simu dakika 25, kila kilichoandikwa kikaingia kwenye trei moja. Vya kwenye simu na barua pepe nilivinakili mstari mmoja mmoja kwenye karatasi. Kengele ilipolia nilikuwa na vitu 118.

Kisha kimoja kimoja, kutoka juu, bila kuruka. Swali la kwanza: kuna la kufanya hapa? Kama hakuna, kitupwe au kiingie kwenye faili. Hapa ndipo mapitio mengi huharibikia. Wengi tumezoea kwamba jambo la dakika mbili lifanywe papo hapo, na kwa siku ya kawaida kanuni hiyo ni nzuri. Ndani ya mapitio ni sumu: mambo 30 ya dakika mbili ni saa nzima, na akili iliyokuwa inaamua imegeuka kuwa inatenda. Nikaweka karatasi ya pembeni, juu yake nikaandika "baada ya kumaliza", kila kishawishi kikatua huko. Vilifika 22. Jioni, nilipovirudia, sita havikuwa na maana tena.

Hatua ya tatu ilikuwa kalenda, wiki mbili nyuma na wiki nne mbele. Nyuma nilikuta ahadi mbili nilizotoa mkutanoni na kuzisahau nikitoka mlangoni. Mbele watu wengi hutazama wiki moja tu, na hilo halitoshi. Kazi inayomhitaji mtu wa nje, mchoraji au mkaguzi, lazima uione wiki tatu kabla, la sivyo unaiona ikiwa imeshakuwa dharura.

Halafu miradi, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote. Nilihesabu kuwa mradi kila jambo linalohitaji hatua zaidi ya moja, hata kama ni kubadilisha kiti kibovu. Ikatoka 41. Kwa kila mmoja niliandika mambo mawili: utakuwaje ukiisha, na hatua inayofuata ambayo ningeweza kuifanya bila kufikiri. Hatua lazima ianze na kitenzi. "Vielelezo" likawa "Mpigie mchoraji, mwulize kama michoro 12 itawezekana kabla ya tarehe 20". Ukitazama mistari hiyo miwili sambamba utaelewa kwa nini wa kwanza ulikaa wiki saba. Ule wa kwanza kila ukiuona unakudai ufikiri upya, na kwa kuwa huna muda wa kufikiri, unaruka. Wa pili unataka simu tu. Uangalie na kitenzi chenyewe: "shughulikia", "fuatilia" na "andaa" ni vitenzi kwa jina tu. Niliandika "Shughulikia bima" nikadhani nimemaliza. Nilipojiuliza mkono utashika nini, jibu lilikuwa kutafuta namba ya mkataba kwenye droo ya chini.

Katika ile 41, miradi 17 haikuwa na hatua ambayo ningeichukua mwezi ule. Niliihamishia kwenye orodha ya "Baadaye", ambayo naisoma mara moja kwa mwezi. Kuiacha miradi hiyo pamoja na mingine ndiko kunakofanya orodha ichoshe, na orodha inayochosha haifunguliwi.

Orodha ya mwisho ilikuwa "Nasubiri", na hapo rejista ya Mama ndiyo iliyonipa safu niliyokuwa nimeikosa miaka yote. Zamani niliandika jina la mtu na kitu ninachosubiri, basi. Sasa zikawa safu nne: nani, nini, nilimwomba lini, nitamkumbusha lini. Kati ya mistari tisa niliyoiandika, mitano ilikuwa imeshapita siku ya kukumbusha. Ilikuwa Ijumaa saa 10:15 na wenyewe bado walikuwa maofisini, kwa hiyo nikasimamisha mapitio dakika kumi nikawapigia watatu. Nilivunja kanuni yangu mwenyewe, lakini ndiyo ikawa sababu ya kuihama Jumapili moja kwa moja: Jumapili ukigundua unadai jibu, huna wa kumuuliza.

Nilimaliza saa 11:40 jioni. Saa tatu na dakika arobaini ni nyingi, na mtu akidhani kila wiki itakuwa hivyo ataacha. Wiki iliyofuata ilichukua saa moja na dakika 35, ya tano dakika 50, kwa sababu marundo ya zamani hayakuwepo tena. Muda nilikuwa nimeuandika kwenye kalenda kama kikao, na hatua zote nikaziweka kwenye karatasi moja niliyoitia tiki kwa mpangilio uleule. Wiki niliyoikosa sikuilipa kwa kufanya mara mbili. Nilifanya dakika 20 tu za kalenda, "Nasubiri" na miradi, barua pepe nikaziacha zirundikane. Jaribu lingine ni kupamba mfumo. Jioni moja niliimaliza nikipaka miradi rangi, na hakuna hata mmoja uliosogea.

Ijumaa ile ya kwanza, Mama alipokuja kufunga, kwenye trei kilikuwa kimebaki kikaratasi kimoja: namba ya simu yenye mwandiko wangu, bila jina. Nikamwambia sijui nikiweke wapi, na nisipokiweka sijamaliza. Akachukua penseli sikioni, akaandika juu yake tarehe ya Ijumaa iliyofuata.

"Kama mpaka siku hiyo hakuna aliyekuuliza, chana."

Hakuna aliyeuliza. Nikakichana.