Sabini na tisa

Jumamosi nilimsindikiza shangazi kwa sonara, Kariakoo. Alikuwa anauza bangili yake ya zamani, na hakutaka kwenda peke yake kwa sababu masonara, anasema, wanakupunja huku wanakuita mama. Yule sonara aliipima kwenye mizani, akaiingiza kwenye kisanduku cha mashine, na baada ya muda mfupi kioo kikaonyesha dhahabu asilimia 75 hivi, iliyobaki shaba na fedha. Shangazi akanigeukia: “Imejuaje, na haijaikwaruza?”

Nilimjibu kwenye daladala, maana pale dukani tungewachosha watu. Mashine haikuangalia rangi wala uzito. Ilipiga bangili kwa eksirei, na kila elementi iliyomo ikarudisha eksirei za kwake. Chanzo cha ujuzi huo ni kijana Mwingereza, Henry Moseley. Mwaka 1913 alizipima eksirei hizo, metali moja baada ya nyingine, akaona kwamba kipeuo cha pili cha masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde) kinapanda hatua kwa hatua sawasawa, kama ngazi. Hatua hiyo ndiyo namba ya atomu, yaani idadi ya protoni kwenye kiini cha atomu. Dhahabu ni 79. Platinamu 78, zebaki 80, na katikati yao hakuna 79 na nusu.

Kabla yake watu walizipanga elementi kwa uzito wa atomu zake, na uzito ulikuwa ukiwachanganya. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, lakini kwa tabia inatakiwa itangulie. Kwa namba hakuna ubishi: 27, halafu 28. Moseley alionyesha hata nafasi zilizokuwa wazi, kama 43, 61 na 72. Ya 72, hafni, ilipatikana 1923. Ya 61 ikasubiri hadi 1945. Yeye mwenyewe aliuawa vitani Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915, ana miaka 27. Huwa nikifika hapo nakasirika, sijui nimkasirikie nani.

Shangazi alitaka kujua kama dhahabu ikiyeyushwa inabaki ile ile. Inabaki. Moto haufiki kwenye kiini, wala tindikali. Wachimbaji wadogo kule Geita wanaikamatisha kwa zebaki, kisha wanaichoma. Zebaki inapaa (na moshi wake ni sumu kali, wengine wanachomea hapo hapo nyumbani) na dhahabu inabaki na protoni zake 79, haijapungukiwa hata moja.

Ila mashine nayo ina mwisho wake. Inaona juu juu tu, sehemu ndogo sana ya milimita. Ukichukua wolframi, namba 74, ukaivika dhahabu nene, mashine itasoma dhahabu, na mizani haitakusaidia sana kwa sababu ujazo ule ule wa metali hizo mbili una uzito karibu sawa. Ndiyo maana sonara, baada ya mashine yake yote hiyo, alichukua tupa akakwangua upande wa ndani, akapima tena. Nilimpenda kwa hilo. Shangazi alinuna.

Tulipokaribia Mbagala akaniuliza shaba ni namba ngapi. Nikamwambia 29.

“Basi wamenilipa zile 79 peke yake,” akasema. “Zile 29 wamechukua bure.”