Zumari ni zumari?

"Aah, shem, zumari ni zumari. Waskoti watadai nini?" Shemeji Idi alilitupa hilo huku anachukua sambusa, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka. Wiki imepita, Rehema kapasi mtihani wa udereva, kazini tumehamishiwa jengo jipya, ila kichwani ni zumari ni zumari, zumari ni zumari.

Mnanijua. Tulikuwa tunaangalia filamu ya Braveheart, nikasema tu kwamba zumari inayolia humo, ile yenye mfuko wa hewa, si ya Uskoti. Ni ya Ayalandi, inaitwa uilleann, na imekuja karne ya 18, wakati William Wallace mwenyewe, shujaa wa Uskoti anayesimuliwa humo, aliuawa 1305.

Jibu lilinijia nikiwa naosha vyombo. Zumari ya Uskoti hupulizwa kwa mdomo, ina noti 9, na haijui kunyamaza katikati ya wimbo. Sauti ni ya uwanjani. Ya uilleann haiguswi na mdomo. Mpigaji anakaa kitini, mvukuto kaufunga chini ya kiwiko cha kulia, mfuko uko kwapa la kushoto, na bomba la wimbo limesimama juu ya paja. Likandamize pajani, hewa inakatika, noti zinatoka mojamoja, kavu. Ukitaka oktava ya pili, yaani noti zilezile kwa sauti ya juu zaidi, ziba, kaza mfuko, achia: sauti inaruka juu. Mabomba matatu yanaunguruma muda wote. Mengine matatu yana vibonyezo 13, hivyo unavibonyeza kwa ukingo wa kiganja, vidole vikiendelea na wimbo wao.

Na ule ulimi unaotoa sauti! Vipande viwili vya tete vimefungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha shaba. Mzumari wa pwani yetu huulowesha wake kwa mate. Huu unataka ukavu. Hali ya hewa ikibadilika, tete hujikunja, na oktava ya pili ndiyo hugoma kwanza. Fundi hubana kipete cha shaba kidogo tu, anajaribu, anabana tena. Akizidisha, ulimi unajifunga, hewa haipiti.

Yote hayo kwa Idi na sambusa yake. Hasira zangu jamani.

Ila nikajiuliza, James Horner aliyetunga muziki ule angefanyaje? Alikuwa na London Symphony Orchestra. Zumari ya Uskoti imekaa juu ya okestra kwa zaidi ya nusu toni, na ukiiingiza katikati ya violini utazitafuta violini usizione. Ya uilleann, iliyotengenezwa kwa noti ya D, hukaa humo kwa adabu. Eric Rigler, aliyeipiga, anazijua zote mbili. Basi ni uamuzi wa sikio. Horner akarudi naye kwenye Titanic mwaka 1997, na hapo hakuna aliyelalamika.

Filamu ya Barry Lyndon ya 1975 je? Hadithi ya karne ya 18, lakini ule wimbo "Mná na hÉireann" wanaoupiga The Chieftains, kundi la Ayalandi, una mashairi ya zamani na tuni ya mtunzi Seán Ó Riada, mtu wa juzi tu! Masikini, alifariki 1971, hakuusikia humo. Kwangu mimi huyu ndiye mwenye deni kubwa la shukrani. Mwaka 1959, kwenye Mise Éire, filamu ya picha za kumbukumbu za kupigania uhuru wa Ayalandi, aliuchukua wimbo wa kale "Róisín Dubh" akaukabidhi kwa okestra nzima. Watu waliouona kama muziki wa shamba wakanyoosha migongo. Kisha akaunda kundi lake, na humo akatoka Paddy Moloney, mpiga uilleann, aliyeanzisha The Chieftains 1962. Bado hali ilikuwa mbaya: chama cha wapigaji, Na Píobairí Uilleann, kilipoundwa 1968, waliobaki hawakufika 100. Mwaka 2017 UNESCO ikaiandika sanaa yao kwenye orodha ya urithi. Nikikumbuka hilo nacheka peke yangu jikoni.

Kingine. Mama kasema kwenye simu kwamba ameacha vidonge vya presha kwa sababu "najisikia vizuri". Dada, ukisoma hapa, pita kwake kesho. Mimi hanisikilizi.