Siku mwanangu alipopita ukingo wa kitanda

Mwanangu wa pili hakutambaa. Alisota kwa makalio, mguu mmoja ameukunja, mwingine anapigia kasia, na kwa mtindo huo alizunguka nyumba nzima. Kaka yake alitembea kabla hajatimiza mwaka, kwa hiyo kila aliyeingia mlangoni alikuwa na la kusema: "Huyu bado tu?" Hiyo "bado" ilininyima usingizi.

Alisimama dede akiwa na miezi 13, akapiga hatua za kwanza akiwa na 15. Laiti ningejua mapema! Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006, uliofuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulionyesha kuwa watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe wakati wowote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Na kama 4 katika kila 100 hawatambai kabisa kwa mikono na magoti. Mzazi akitajiwa mwezi mmoja tu, "mtoto hutembea mwezi wa 12", anapewa hofu ya bure.

Lakini kilichonitisha hasa kilikuja baada ya yeye kutembea.

Enzi za kusota alikuwa amejifunza kushuka kitandani: akifika ukingoni anageuka, analala kifudifudi, anatanguliza miguu mpaka vidole viguse sakafu. Ilimchukua wiki kadhaa na vilio vingi. Sasa, siku chache baada ya kuanza kutembea, alikuwa amesimama kitandani, mimi nakunja nguo pembeni. Akaja tete, macho kwangu, anacheka. Akafika ukingoni na hakusita hata kidogo. Nilimdaka kwa shati, mguu mmoja tayari uko hewani.

Nikamrudisha katikati ya godoro, nikamkalisha. Akasota mpaka ukingo uleule, akageuka, akashuka kifudifudi kama kawaida yake.

Nilibaki natetemeka. Mtoto mmoja, ukingo mmoja, dakika hiyohiyo. Kwani kichwa chake kina nini?

Hakina kitu. Mtafiti Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York aliliona jambo hili kwa watoto aliowaweka juu ya miteremko. Mtoto mzoefu wa kutambaa alijua mteremko upi unampita uwezo, akaukwepa. Alipoanza kutembea, alijitosa kwenye miteremko ileile. Ukimsimamisha anajitosa, ukimweka kwa magoti anakataa! Anachojifunza mtoto si kwamba ukingo ni hatari. Anajifunza mwili wake unaweza nini ukiwa umekaa hivi au umesimama vile. Akisimama, macho yamepanda juu, uzito wote uko kwenye nyayo mbili ndogo, mizani ni nyingine kabisa. Hesabu inaanza upya, na anaifanya kwa kutembea na kuanguka. Adolph na wenzake waliwahi kuhesabu: watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa uhuru walipiga wastani wa hatua 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17.

Mara 17 kwa saa! Tangu nisome hivyo nimeacha kumshika mkono kila dakika. Kitandani na kwenye ngazi namlinda kama mboni ya jicho, lakini sakafuni namwacha aanguke.

Kuna jambo moja tu ambalo siliachii muda: mtoto asipotembea mpaka miezi 18, au akipoteza kitu alichokuwa anakiweza, mpeleke akaonwe na daktari. Usingoje, na usikubali kuambiwa "atatembea tu".

Wangu sasa ana miezi 17. Akisota, mkono mmoja ulikuwa kazini kila wakati. Siku hizi mikono yote miwili iko huru, na ameigeuza ya uchukuzi. Ananiletea vitu kutoka chumba cha pili: kiatu, kifuniko, soksi iliyolowa, kiatu tena. Ananisimamia mbele, ananyoosha mkono, anangoja. Nikisema "kiatu", anakitazama kiatu, ananitazama mdomo, halafu anageuka kwenda kufuata kingine. Jana kwa mara ya kwanza hakungoja. Alikuja nacho mlangoni, akanitangulia kusema: "Atu."