Kijito ambacho hakikuwepo kwenye ramani

Jana nimetoka kwenye kikao cha mto nimechoka kama nimelima siku nzima. Ugomvi ni ule ule, wa juu wanavuta maji na pampu kumwagilia, wa chini wanabaki na matope, na sasa kuna mradi wa bwawa ambao eti ndo utamaliza kila kitu. Mtaalamu akafungua laptopu, slaidi ya kwanza tu ramani, bwawa lishachorwa, limekolea bluu kabisa. Mzee aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza, "sasa sisi tumeitiwa nini?"

Swali hilo nimelala nalo. Maana Azimio la Rio la 1992, lile la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, kanuni ya 10, lilishasema masuala ya mazingira yashughulikiwe kwa kushirikisha wananchi wote wanaohusika, halafu Mkataba wa Aarhus wa 1998, ule wa Ulaya kuhusu haki ya wananchi kushiriki maamuzi ya mazingira, ukabana zaidi, watu waitwe mapema wakati njia zote bado ziko wazi. Mapema! Ukiniita bwawa lishachorwa hapo unanipa taarifa tu, usiseme umenishirikisha.

Kilichookoa kikao ni mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote. Akaomba peni, akaiendea ramani ya ukutani, akachora kijito ambacho hakikuwepo, kinatiririka miezi michache tu kwa mwaka ila kikijaa kinapita palepale kwenye ukuta wa bwawa. Mtaalamu akaacha slaidi zake akauliza, kinajaa lini? Kinafika wapi? Basi hapo ndo watu wakafunguka, mpaka wa juu wakakiri kwamba huwa wanawasha pampu usiku, kukazomewa weee, lakini mwisho wakakubaliana zamu za maji na watu wawili, mmoja kila upande, wawe wanasoma kipimo cha maji pamoja. Nikamkumbuka Elinor Ostrom, yule wa Nobel ya uchumi 2009, alionyesha kwamba watumiaji wenyewe wanaweza kujitungia sheria na kuchungana (sio kila mahali lakini, wala yeye hakusema ni kila mahali).

Bwawa bado halijaamuliwa. Kinachonikera ni ile karatasi ya mahudhurio, tumesainishwa mlangoni kabla hata hatujakaa, kesho utasikia ndo ridhaa yetu hiyo.

Kabla sijaondoka nikachungulia muhtasari, kumeandikwa "wananchi walitoa maoni." Basi. Nikamwambia mwandishi, andika kijito. Akaandika, kwa penseli.