Rapper's Delight: besi ya Chic, mistari ya Caz

Anayetaka kuelewa wimbo wa rap unavyoundwa, na nani hulipwa na nani huachwa mkono mtupu, aanze na Rapper's Delight wa Sugarhill Gang, uliotoka Septemba 1979. Haukuwa wa kwanza kabisa kurekodiwa, maana bendi ya Fatback ilitangulia kwa King Tim III. Lakini huu ndio ulioitoa rap kwenye sherehe za mitaani ukaipeleka redioni, na kila kilichoujenga kilikuwa na mwenyewe.

Kabla ya hapo rap ilikuwa na miaka sita ya maisha huko Bronx, New York. Watu huihesabu tangu sherehe ya DJ Kool Herc ya tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue. DJ alikuwa na mashine mbili za santuri na nakala mbili za wimbo uleule. Kile kipande ambacho ngoma hubaki peke yake alikirudia kwa kuhama kutoka sahani moja kwenda nyingine, na MC, yaani mtu wa kutamka mistari kwa mdundo, akachana juu yake. Shughuli ya namna hiyo ilikwenda saa nyingi na kusambaa kwa kanda za kaseti. Wengi wa waliokuwamo hawakuona ingewezekanaje kuifungia ndani ya santuri.

Aliyeona ni Sylvia Robinson, mwimbaji wa tangu miaka ya 1950, ambaye pamoja na mumewe Joe aliendesha kampuni ya muziki Englewood, New Jersey. Mwaka 1979 alimsikia Lovebug Starski akichana kwenye klabu ya Harlem World, akatoka hapo na wazo lake. Vijana aliowapata hawakuwa majina makubwa ya Bronx. Big Bank Hank alikuwa akiuza piza palepale Englewood, na alijaribiwa ndani ya gari nje ya duka. Wonder Mike na Master Gee wakaongezeka, na Sylvia akawachukua wote watatu.

Sasa mdundo. Kiangazi kile wimbo wa Good Times wa bendi ya Chic ulikuwa umeshika namba moja Marekani, na ma-MC wengi walikuwa wakiuchania kwenye sherehe. Mashine za bei ya kuridhisha za kukata kipande cha rekodi na kukizungusha hazikuwapo bado. Zilikuja kuenea katikati ya miaka ya 1980. Kwa hiyo Sylvia aliwaita wanamuziki, akawaambia wapige besi na ngoma za Good Times upya, kwa mkono, bila kusimama. Chip Shearin, aliyekuwa na miaka 17, amesimulia kwamba aliombwa apige besi ileile kwa dakika 15 mfululizo, akalipwa dola 70.

Besi yenyewe, aliyoitunga na kuipiga Bernard Edwards wa Chic, inakwenda kwa takriban mapigo 111 kwa dakika. Mzunguko wake una mapigo 16, yaani vipimo vinne vya mapigo manne manne: viwili juu ya kodi (kundi la noti zinazolia pamoja) ya Em7, viwili juu ya A. Mzunguko mmoja hauchukui hata sekunde 9. Wimbo mrefu una dakika kama 14 na nusu, kwa hiyo mpigaji anarudia jambo lilelile karibu mara 100. Mwanzoni kuna noti tatu za E zinazogongwa sawasawa, kisha ukimya mfupi, kisha vidole vinaanza kupanda. Wanaojifunza huharibu hapo kwenye ukimya: wanaona kama pengo, wanalijaza, na mdundo mzima unalala. Kosa la pili huja na uchovu. Kufikia dakika ya nane mkono unakaza, noti zinaanza kuwahi, na mpiga ngoma asipomshikilia mwenzake wimbo unakimbia. Leo kompyuta inanakili vipimo vinne tu na kuvizungusha, ndiyo maana midundo mingi imenyooka mno. Sikiliza toleo refu kwa spika zenye besi nzuri uone jinsi mkono wa mtu unavyopumua mle ndani.

Urefu ule ulihitaji santuri ya inchi 12. Ile ndogo ya inchi 7 hubeba dakika nne au tano upande mmoja. Ukizidisha, mifereji inabanana, na injinia analazimika kupunguza besi ili sindano isiruke. Kwenye inchi 12 mifereji ina nafasi, besi inakaa nene, na DJ anaona kwa macho mahali pa kuweka sindano. Toleo fupi lilikuwapo pia kwa ajili ya redio, lakini watu walilitaka refu.

Tuje kwenye maneno. Hank hakuwa mwandishi. Alikuwa meneja wa MC wa Bronx aitwaye Grandmaster Caz, aliyejulikana pia kama Casanova Fly, na Caz ameeleza hadharani kwamba alimpa Hank daftari lake la mistari. Hank aliyachana yale maneno kama yalivyo. Ushahidi umo ndani ya wimbo: katika sehemu yake anataja herufi moja moja za jina, na jina linalotoka ni Casanova Fly, si lake. Naiona hii ndiyo sekunde nzito kuliko zote katika rekodi nzima, kwa sababu mwenye mistari anatambulishwa mbele ya dunia na hakuna aliyesikia. Caz hakuwekwa kwenye orodha ya watunzi, na amesema hakulipwa.

Wenye besi walikuwa na hali nyingine. Nile Rodgers, mpiga gitaa wa Chic, aliusikia wimbo klabuni New York akatambua mali yake papo hapo. Yeye na Edwards walikuwa na wimbo uliosajiliwa, wachapishaji na mawakili. Walitishia mahakama, pande zikapatana, na majina yao yakawekwa kama watunzi wa Rapper's Delight. Hawa walikuwa na karatasi, Caz alikuwa na daftari. Ninaupenda wimbo huu sana, na bado naamini Caz anadai.

Mafanikio yake yalikuwa ya ajabu ukitazama kwamba haukuwa na kiitikio cha kuimbwa. Ulifika namba 36 katika chati kuu ya Marekani mwanzoni mwa 1980, na namba 3 Uingereza. Pesa zake ziliisimamisha Sugar Hill, lebo ya Sylvia na mumewe, ambayo mwaka 1982 ilitoa The Message, wimbo uliothibitisha kwamba rap inaweza kubeba shida za mtaa na si starehe tu. Mwaka 2002 wadada wa Las Ketchup wa Hispania waliuvumisha ulimwenguni Aserejé, ambao kiitikio chake ni maneno ya Rapper's Delight jinsi anavyoyasikia mtu asiyejua Kiingereza. Watoto wengi wa Afrika Mashariki walicheza ule wimbo shuleni bila kujua wanachana mistari ya 1979. Maktaba ya Bunge la Marekani iliuweka Rapper's Delight kwenye hazina ya rekodi za taifa mwaka 2011.

Kuna uzi mwingine unaofika hadi Dar es Salaam. John Deacon, mpiga besi wa Queen, alikaa na Chic studio, na mwaka 1980 akatoka na Another One Bites the Dust, ambao nao unafunguka kwa noti tatu za aina ileile. Mwaka uliofuata Queen na David Bowie wakatoa Under Pressure. Besi yake ikachukuliwa na Vanilla Ice katika Ice Ice Baby, 1990. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir akauchukua mdundo huo akauwekea mistari ya Kiswahili. Bongo ilianza kama Englewood ilivyoanza: mdundo wa wengine, mdomo wetu.

Kiswahili kinakaa vizuri ajabu juu ya besi ya Good Times, na sababu inapimika. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani minane. Weka mizani miwili kwa kila pigo: kipande kimoja kinajaza kipimo kimoja, na ubeti mzima unajaza mzunguko mmoja wa besi. Jaribu hivi:

Mdundo ukianguka
sikiza unapofika
vuta pumzi haraka
kabla hujasema neno

Katika kipande cha kwanza, mizani ya saba ni "ngu", na inaangukia pigo la nne kamili, pale makofi yanapogonga. Mkazo wa neno la Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sauti nzito ya neno na pigo zito la ngoma vinakutana vyenyewe. Tatizo ni kina. Utenzi unaridhika na "ka" peke yake mwishoni, lakini kwenye biti hiyo "ka" inakuja baada ya kishindo, hafifu. MC anayetaka kusikika alinganishe silabi mbili: anguka na zunguka. Tatizo lingine ni pumzi, maana ubeti uliojaa hivyo hauna pa kuvutia hewa. Punguza kipande cha nne kiwe na mizani sita, au pokezaneni kama walivyofanya wale watatu. Na ukijaza mizani 16 kwenye kipimo kimoja, kwa kasi hii unatakiwa kutamka silabi zaidi ya saba kwa sekunde. Ulimi utateleza kabla mzunguko haujaisha.

Ukiipiga besi hii upya studio ili kukwepa kununua kipande cha rekodi, umeondoa dai la mwenye rekodi tu. Dai la mtunzi linabaki palepale, na ndilo lililowakamata Sugar Hill. Kwa mistari, kabla hamjatoka studio andikeni karatasi moja: jina la kisheria la kila mmoja, nani kaandika maneno, nani katunga mdundo, asilimia zinazofika 100, saini na tarehe. Kisha msajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kabla haijapandishwa mtandaoni. Aliyekuazima daftari naye awemo kwenye karatasi hiyo, hata kama hakukanyaga studio siku ile.