Unyaufu: Jinsi Ghala la Korosho Lilivyonipa Riwaya ya Upelelezi

Kwa miaka 17 nilikuwa mpima ubora wa korosho ghafi katika maghala ya mkoa wa Mtwara, na katika muda wote huo sikuwahi kuona maiti ghalani. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu, tangu jamaa zangu wasikie kwamba ninaandika riwaya ya upelelezi, kila anayekuja kunijulia hali hunywa chai yake nusu kikombe, kisha huinama na kuniuliza kwa sauti ya chini ni nani hasa aliyeuawa na mwili ulifichwa wapi. Hakuuawa mtu. Kilichonisukuma kuandika ni hesabu iliyokataa kukosea, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa kuwa rasimu ya tatu imefika sura ya 11 na sasa ninaweza kuizungumzia bila kuogopa kuiharibu.

Asiyewahi kuingia katika ghala la korosho huenda akadhani kwamba mpima ubora hupita akitazama magunia. Wenzetu wa mahindi na kahawa huchoma gunia kwa bambo na kukinga punje zinazotiririka, lakini sisi tulifungua mshono na kutia mkono ndani hadi kwenye kiwiko, kwa sababu mdomo wa gunia ndipo mahali ambapo mwenye hila huweka korosho zake nzuri, na chini yake ndipo penye vikokoto, korosho changa na zile za msimu uliopita. Sampuli ya kilo moja ilihesabiwa, kisha kila korosho ikapasuliwa katikati kwa kikatio, moja baada ya moja, karibu 190 kwa kilo. Kiini safi kilikwenda upande huu, chenye madoa upande ule, kilichooza au kilichosinyaa kikatupwa. Uzito wa viini safi ulijumlishwa na nusu ya uzito wa vile vyenye madoa, na jumla hiyo ikageuzwa kuwa ratili za kiini zinazotarajiwa katika gunia la kilo 80. Ukipata gramu 272, una ratili 48, nawe unaweza kumtazama mkulima usoni bila wasiwasi. Ukipata gramu 240, ujue kwamba kuna mtu atakayerudi nyumbani amenuna.

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Glovu tulikuwa nazo, lakini glovu hupunguza kasi, na msimu wa Oktoba hadi Desemba haumsubiri mtu, hivyo wengi wetu tulizivua ifikapo saa nne asubuhi. Mwaka 2019, wakati nchi nzima ilipokuwa ikisajili laini za simu kwa alama za vidole, nilisimama mbele ya kijana mwenye kimashine kwa takribani dakika 20. Alinifutia vidole kwa kitambaa, akanipulizia, akanipaka mafuta ya kupikia aliyoomba kwa mama lishe wa jirani, na bado kimashine kikakataa kunitambua. Mwishowe kidole gumba cha kushoto ndicho kilichokubali. Nilitoka pale nikicheka, lakini usiku wake sikulala, kwa kuwa nilikuwa nimetambua kwamba mji mzima una watu wasioacha alama wanapogusa kitu, na kwamba mpelelezi yeyote atakayetumwa kutoka mbali na poda yake ya kunyunyizia atakuwa na kazi ngumu. Hiyo ilikuwa mbegu ya kwanza, ingawa haikuota mara moja.

Mbegu ya pili ilikuwa ya zamani zaidi, na ili ieleweke inanibidi niueleze kidogo utaratibu wa stakabadhi ghalani. Sheria yake ilitungwa mwaka 2005, na kwa upande wa korosho ulianza kutumika huku kwetu katika msimu wa 2007/08. Mkulima hupeleka mzigo katika chama chake cha msingi, chama huupeleka katika ghala kuu, ghala huupokea, huupima na kutoa stakabadhi, kisha mnunuzi hununua mnadani kwa kutegemea karatasi hiyo, mara nyingi bila kuugusa mzigo wenyewe. Utaratibu una wanaousifu na wanaoulaumu, na wote wana hoja zao, lakini mimi kama mwandishi naona ndani yake jambo moja tu: kwa wiki kadhaa korosho inakaa mahali pamoja na karatasi yake inatembea mahali pengine, na katika muda huo hakuna anayejua kwa hakika kama mbili hizo bado ni kitu kimoja. Sijui mahali pazuri zaidi pa kuanzishia mkasa.

Sasa, korosho inapokaa hupoteza maji, na inapopoteza maji hupungua uzito. Sisi tuliita unyaufu. Neno hilo limezua ugomvi mwingi katika vikao vya wakulima, kwa kuwa makato yake humuuma mtu mfukoni, lakini kama jambo la maumbile halina ubishi. Chukua magunia 412 ya kilo 80, yaani kilo 32,960, yaliyopokelewa yakiwa na unyevu wa asilimia 10. Yakikaa mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 9, mzigo utakuwa umepoteza kilo 362 hivi, ambazo ni zaidi ya magunia manne na nusu, bila mwizi kuingia na bila panya kutafuna.

Mwaka mmoja ambao sitautaja, katika ghala ambalo pia sitalitaja, niliitwa kuhakiki mzigo uliokuwa unatoka. Ulikuwa umeingia Novemba na sasa ilikuwa Februari. Leja ilionyesha kilo 32,960 zilizoingia na kilo 32,960 zilizopimwa siku ya kutoka. Msimamizi alifurahi na kumsifu karani mbele yetu kwa utunzaji wake. Mimi nilitia kipima unyevu katika gunia la kwanza, kikasoma 9. Nikatia katika la pili, 9. La kumi, 8.9. Nikasimama pale nikiwa na chombo kimoja kinachosema kwamba maji yametoka, na karatasi inayosema kwamba hakuna kilichotoka. Kama leja ingeonyesha upungufu wa kilo 300 au 400, ningetia sahihi na kwenda kula. Kilichonitia shaka ni kwamba kila kitu kilikuwa sawasawa.

Msomaji atataka kujua palikuwa na nini nyuma yake, nami nitamwambia, ingawa atavunjika moyo. Mizani ilikuwa imeharibika kwa siku mbili. Karani aliogopa kusema, kwa kuwa juma lililotangulia alikuwa ameonywa kwa kosa jingine, basi akanakili uzito wa kupokelea na kuuandika kama uzito wa kutolea, gunia kwa gunia, mistari 412, kwa mwandiko mzuri kabisa. Hakuiba hata punje. Tulipima upya, upungufu ukaonekana pale pale ulipotarajiwa, na mambo yakaisha. Lakini nilikuwa nimemwona usoni kabla hajakiri, na mtu yule alikuwa tayari kusema lolote, hata kujisingizia wizi, kuliko kukubali mbele ya wenzake kwamba aliogopa.

Nilipoanza kuandika nililisahau hilo kabisa. Rasimu ya kwanza ilikuwa na meli, bunduki tatu, mfanyabiashara mwenye miwani myeusi na mkoba wa dola. Niliiandika katika kaunta buku nne kwa miezi saba, alfajiri kabla ya kufungua kiduka changu, na nilipoisoma yote kwa mkupuo mmoja niliona aibu, maana hapakuwa na ukurasa hata mmoja ambao ningeweza kuuapia. Sijawahi kushika bunduki. Sijui mfanyabiashara mwenye mkoba wa dola huzungumza vipi anapokuwa peke yake na woga wake. Ninachokijua ni sauti ya karani anayehesabu kwa sauti kubwa kuliko kawaida kwa sababu kuna ukurasa asiotaka uufunue. Katika rasimu ya pili niliwafukuza wote wenye bunduki na kumweka karani katikati, nikamwongezea jambo moja tu ambalo yule wa kweli hakuwa nalo: mtu aliyejua na ambaye asingenyamaza.

Kazi ilinipa pia mazoea ambayo imenibidi nipigane nayo. Kwa miaka 17 niliandika taarifa, na lugha ya taarifa humficha mtendaji: ilibainika, ilionekana, ilishauriwa. Sura yangu ya kwanza ilianza hivi: “Mnamo saa 2:15 asubuhi ilibainika kuwepo kwa mwili wa mtu mzima wa kiume kati ya lundo namba 6 na lundo namba 7.” Binti yangu alisoma akauliza kama hiyo ni riwaya au ni barua ya madai. Niliifuta, kisha baadaye nikairudisha, lakini safari hii nikaiweka katika kinywa cha msimamizi wa ghala, kwa kuwa nilitambua kwamba mtu anayesema “ilibainika” mara nyingi ni mtu asiyetaka kuulizwa ni nani aliyebaini.

Wako waliojaribu njia hii kabla yangu, na walio wakubwa kuliko mimi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye wengi humtaja kuwa mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya kwa miaka kumi kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti. Ninapenda kuwaza kwamba mtu aliyezoea kuingia katika nyumba za watu akichungulia mitungi na makaro alikuwa tayari amejifunza nusu ya ufundi wake. Huu ni mtazamo wangu tu, na huenda ninajipendelea.

Kuhusu watu niliofanya nao kazi, nimejiwekea sharti kwamba hakuna mhusika atakayetokana na mtu mmoja. Msimamizi wangu ana kikohozi cha mtu wa Newala, viatu vya mtu wa Masasi na ubahili wa jamaa yangu wa damu ambaye hajawahi kukanyaga ghalani. Hata hivyo wenzangu wawili wamenipigia simu kila mmoja akiwa na hakika kwamba mama lishe wa sura ya 3 ni yeye, na kila mmoja ameomba nimpunguzie ukali wa maneno.

Mwezi uliopita nilimwendea mzee mmoja aliyekuwa kuli katika maghala hayo tangu kabla sijazaliwa, nikamwamkia, nikampa tumbaku yake, nikamsomea sura ya 9 na ya 10, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Katika sura hizo karani anabaki peke yake usiku, anashusha magunia kutoka juu ya lundo, anaficha kitu ndani, kisha anayarudisha. Ni kitu gani, siwezi kusema. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho mpaka nikadhani amesinzia.

“Mwanangu,” akasema, “huyo karani wako ana mwili?”

“Hapana, baba. Ni mwembamba.”

“Gunia ni la kilo 80?”

“Ndiyo.”

“Na lundo lina matabaka mangapi?”

“Kumi na moja.”

Akafikicha tumbaku kiganjani. “Kushusha, sawa. Atalisukuma, litaanguka lenyewe. Kulirudisha juu, nani alimtwisha?”

Sikuwa na jibu. Kwa miaka 17 nilikuwa nimewaona kila siku, wawili wakishika pembe za gunia na kuliinua, wa tatu akiingiza kichwa chini yake na kuondoka mbio kupanda ngazi za magunia, na kamwe sikuwahi kumwona kuli akijitwisha mwenyewe gunia lililojaa. Nilikuwa nimejaza sura mbili kwa tendo lisilowezekana, mimi niliyejivuna kwamba naandika ninachokijua.

Nilirudi nyumbani nimeudhika, nikawasha taa, nikaanza kupitia kaunta buku moja baada ya nyingine nikitafuta nani katika hadithi yangu angeweza kuwa ghalani usiku ule. Mama lishe alikuwa Lindi. Msimamizi alikuwa msibani, na watu 40 walimwona. Karibu na saa nane usiku nilifika sura ya 4, mahali ambapo walinzi wanapokezana lindo asubuhi, nikakuta sentensi niliyoiandika miezi mingi nyuma bila sababu yoyote, ili tu kuijaza picha: mlinzi wa lango la nyuma, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kiti, alikuwa na nyuzi za gunia kwenye ukosi wa shati.